Randa namba 7 kwenye mbao za milimita 6

Huu ni mwezi wa nane natumia randa hii, karibu muda wote kuunga mbao nyembamba za vifuniko vya visanduku. Ni Stanley namba 7 ya zamani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika: urefu inchi 22, kisu kipana inchi 2 na 3/8, uzito unakaribia kilo 4. Aliyeniuzia alisema iko tayari kwa kazi. Kisu kilikuwa na kutu mgongoni, nikakaa jioni mbili na jiwe la kunolea kabla hakijakata chochote.

Niliinunua kwa ajili ya urefu. Randa fupi huufuata ubao ulivyo, inashuka penye bonde na kupanda penye kilima. Hii inavilalia vilima peke yake. Mapigo ya kwanza yanatoa maranda ya vipande vipande, halafu vinaanza kuungana, mpaka unatoka utepe mmoja toka mwanzo hadi mwisho wa ubao. Hapo ukingo umenyooka.

Lakini kwa ubao mwembamba usiisimamishe juu ya ukingo. Chuma chote kile juu ya milimita 6 za mti! Mkono ukiyumba kidogo tu, ukingo unatoka mshazari. Nimeharibu kipande kizuri cha mkangazi hivyo. Sasa ubao naulaza juu ya mwingine mnene, ukingo ukichungulia kidogo, na randa nailaza ubavu mezani ndipo nasukuma. Uzito ulionisumbua ndio unaoipitisha kwenye nyuzi ngumu bila kusita.

Kati ya mbao mbili ninazotaka kuunga, ya kwanza nairanda ikiwa imelala uso juu, mwenzake uso chini. Hata kisu kikiwa kimeinama nusu digrii, kosa la huyu linafuta la yule, na zikikutana zinalala bapa kama kitabu kilichofunguliwa. Kisha naziinua pamoja dirishani. Mwanga ukipenya popote, narudia, kisu nimekipunguza hadi maranda yawe kama ganda la kitunguu.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeinyima kwa sababu ikilala ubavu haina pa kushika, na baada ya nusu saa kona ya chuma inakula kiganja. Nimeigundishia kipande cha ngozi hapo, na kinasaidia sana.