Taa ya Nje ya Parsele Mjini Goma: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Anayenunua taa ya nje ya parsele, yaani kiwanja cha nyumba, hapa Goma ana haja moja: amwone aliyesimama getini kabla hajafungua. Kwa hiyo naipima kila taa kwa kazi hiyo, wala siangalii ukali wake.

Nilijifunza hivyo kwa makosa. Nilipandisha projekteri, ile taa pana ya mwanga mkali, ya wati 50 juu ya ukuta, nikaielekeza barabarani. Siku ya tatu mama jirani akaja: "Papa, watoto hawalali. Chumba chao ni mchana usiku kucha." Nikamsindikiza hadi kwake, kisha nikageuka nitazame geti langu kutoka upande wa barabara. Sikuona kitu. Mwanga ulinipiga machoni, na pembeni mwa nguzo palikuwa giza tupu. Mtu angeweza kusimama pale nami nisimwone. Mboni ya jicho ikikutana na mwanga mkali hujibana, na jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza tena. Tena kuta zetu ni za mawe meusi ya volkano: zinameza mwanga, hazirudishi kitu, ndiyo maana kivuli cha Goma ni kizito kuliko cha mji wenye kuta za chokaa.

Ya kwanza: taa ya ukutani inayomulika chini, yenye kihisi mwendo kinachoiwasha mtu akipita. Kama una umeme wa waya, nunua hii. Lumeni, yaani kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa, 600 hadi 800 zinatosha geti na njia ya kuingilia. Kwa LED hizo ni wati 6 hadi 8 tu. Ifunge mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini, balbu isionekane kwa mtu aliye mbali. Taa inayowaka ghafla usiku wa manane humwamsha mwenye nyumba na kumshtua mgeni asiyealikwa. Inayowaka saa zote hakuna anayeitazama.

Ya pili: ya sola, paneli yake ikiwa mbali na taa. Paneli inakaa juu ya bati palipo na jua, taa inakaa panapohitajika. Lakini hapa ndipo tunapoibiwa, basi tupige hesabu pamoja. Boksi limeandikwa "300W". Chukua rula upime paneli: sentimita 35 kwa 25. Jua la utosini hutoa kama wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli nzuri hubadilisha karibu sehemu moja ya tano kuwa umeme. Paneli hiyo basi haivuki wati 18, hata Mungu akitupa siku isiyo na wingu. Tuseme ipate saa 4 za jua kamili: ni wati-saa 72. Toa theluthi inayopotea kwenye betri na nyaya, zinabaki 48. Usiku wetu, tulivyo karibu na ikweta, ni saa 12 mwaka mzima. Gawanya: wati 4. Ile 300 ni wino tu juu ya karatasi. Wati 4 si haba, ni lumeni kama 400, na kihisi kikiziongoza zinafika alfajiri. Uliza betri ya lithiamu fosfati ya chuma. Hudumu mizunguko mingi kuliko lithiamu ya kawaida. Na mtoto apande kuipangusa paneli, vumbi letu unalijua.

Ya tatu: ampuli (balbu) ya LED ya wati 5 ndani ya kofia ya bati. Fundi bati yeyote atakukatia kofia. Kwa mwenye mfuko mdogo naipendekeza bila kusita. Kasoro yake ni kwamba delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikija, nayo inalala.

Ya nne: projekteri. Inafaa depo na mahali pa kupakua mizigo, kioo kikiangalia ardhi. Si ya nyumba.

Ya mwisho: taa za sola za "barabarani", nyeupe ya kelvini 6,500, zinazomwaga mwanga kila upande. Ziache dukani.

Hizo kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, nazo zisome kwenye boksi, kwa kuwa wauzaji wengi hawazitaji. 2,700 au 3,000 ni rangi ya njano ya balbu za zamani. 6,500 ina bluu nyingi. Bluu hutawanyika hewani kuliko nyekundu na njano, ndiyo maana taa nyeupe huijaza anga mwanga usiku. Huvuta wadudu zaidi, na huuambia mwili kuwa bado ni mchana. Chama cha madaktari wa Marekani, AMA, kilishauri mwaka 2016 taa za nje zisizidi kelvini 3,000. Ufaransa iliweka kikomo hicho katika agizo la tarehe 27 Desemba 2018. Kwetu nadhani tuna sababu zaidi. Watu wa Goma hutazama kaskazini usiku. Volkano yetu, Nyiragongo, ikiwa na moto, wekundu wake angani ni habari tunayoisoma wenyewe, na ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 wengi wetu tuliisoma hivyo kabla ya kusikia tangazo lolote. Anga iliyojaa mwanga mweupe wa projekteri inatufichia habari hiyo.

Ukifika Birere, mtaa wetu wa maduka, mwambie muuzaji aiwashe kabla hujatoa pesa. Simama hatua kumi mbele yake, kinga taa kwa kiganja. Ukimwona muuzaji vizuri zaidi taa ikiwa imekingwa, hiyo si yako. Halafu tafuta alama ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji: IP65 kwa taa itakayopigwa na mvua. Chini ya paa IP44 inatosha. Na ushike risiti, yenye jina la duka na muda wa garanti umeandikwa kwa kalamu, si kwa mdomo.