Uzoefu wangu wa kupanga mfuatano wa viendelezi vinavyotegemeana katika JUnit 5

Majaribio ya Java katika mradi ninaoushughulikia yanahitaji mambo matatu yatangulie: kontena (mazingira yaliyotengwa) la hifadhidata ya PostgreSQL liwe limewaka, majedwali yawe yameundwa, kisha data ya mfano iwe imeingizwa. Kila kazi nimeiandikia kiendelezi chake cha JUnit 5, zana ya kuendesha majaribio ya Java; kiendelezi ni msimbo ambao JUnit huuita kabla au baada ya majaribio. Kiendelezi cha majedwali kikitangulia kontena hakina anwani ya kuunganishia, na majaribio yote huanguka kabla hata mstari mmoja wa msimbo unaojaribiwa haujaguswa.

Ninavitangaza viendelezi hivyo kama fildi za static (za klasi nzima) zenye @RegisterExtension, anotesheni (alama ya msimbo) inayosajili kiendelezi, na kuviwekea @Order(10), @Order(20) na @Order(30); namba ndogo husajiliwa kwanza. Matumizi haya ya @Order yapo tangu toleo la 5.4. Bila @Order, kuandika fildi ya kontena juu ya fildi ya majedwali hakuhakikishi chochote, kwa kuwa JUnit huzipanga fildi kwa kanuni ambayo haibadiliki kati ya uendeshaji mmoja na mwingine, ila kwa makusudi haikufanywa iwe dhahiri. Uamuzi huo naukubali kabisa, kwani humlazimu mwandishi atamke anachokitegemea. Fildi isiyo na @Order hupewa nusu ya Integer.MAX_VALUE, hivyo huja nyuma ya zangu zote tatu.

Jambo ninalolipenda zaidi ni jinsi kazi inavyofungwa. Kiendelezi kilichosajiliwa kwanza hutangulia katika hatua za kabla ya majaribio na huwa cha mwisho katika hatua za baada yake. Kwa hiyo data hufutwa, majedwali huondolewa, na kontena huzimwa mwisho kabisa, bila mimi kuandika mfuatano wa pili.

Uangalifu unahitajika mtu anapochanganya njia za usajili. Viendelezi vilivyowekwa juu ya klasi kwa @ExtendWith, anotesheni nyingine ya usajili, husajiliwa kabla ya vile vya fildi za static, na hakuna namba ya @Order inayoweza kuipandisha fildi juu yao. Vya @ExtendWith vya klasi mama pia hutangulia vya klasi inayorithi, nami hutumia nafasi hiyo kuweka kontena kwenye klasi mama. Kiendelezi kilicho kwenye fildi isiyo ya static kwa kawaida hakiitwi katika hatua ya BeforeAllCallback, ile inayotangulia majaribio yote ya klasi, na kimya hicho kinaweza kumpotezea mtu saa nyingi.

Upungufu ninaouona ni kwamba namba husema nani atangulie, lakini hazisemi kwa nini. RuleChain ya JUnit 4, mnyororo wa kanuni (rules) zilizofanya kazi kama ya viendelezi, ilikuwa wazi zaidi, kwa sababu msomaji aliona kwenye msimbo wenyewe kanuni ipi imezungukwa na ipi. Pengo hilo naliziba kwa Store, ghala la JUnit ambamo viendelezi huachiana taarifa: kiendelezi cha kontena huweka humo anwani ya hifadhidata, na kile cha majedwali kikikosa anwani hiyo hutoa kosa linalotaja kiendelezi ambacho kilipaswa kutangulia. Klasi za majaribio zinapokuwa nyingi, mimi hutengeneza anotesheni moja yetu wenyewe iliyobeba @ExtendWith yenye viendelezi vyote vitatu; hapo husajiliwa kwa mpangilio ulioandikwa, na mwenzangu anayeandika jaribio jipya hahitaji kuzigusa namba kabisa.