Kinasa HDMI: Nimemtoa Nyanya kwenye King'amuzi Hadi Kompyuta

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo niko nyumbani hapa Kondele, Kisumu, na hiki kidude mkononi ni kinasa video, kinachoingiza picha ya king'amuzi kwenye kompyuta uirekodi. Huku kina tundu la HDMI, la waya wa picha na sauti, huku kina mdomo wa USB. Kinene kuliko flashi kidogo tu.

Nyanya yangu alihojiwa kwenye kipindi cha wakulima akionyesha mihogo yake kule Siaya. Nikakirekodi kwa flashi iliyochomekwa kwenye king'amuzi. Kuipeleka kwenye kompyuta, faili naiona, lakini hata VLC, programu ya kuchezea video, haiichezi! Ving'amuzi vingi hufunga rekodi zao zichezeke humo humo tu. Vingine huacha faili ya video iliyo wazi, jina lake huishia na .ts, na hiyo unainakili bila gharama. Basi jaribu hilo kabla hujatoa pesa. Na kompyuta ikikuomba ifomati flashi, kataa, tafadhali. Ukikubali, rekodi zako ndizo hizo zimeenda.

Faili ikiwa imefungwa, ndipo kidude hiki kinapoingia: unacheza rekodi kwenye king'amuzi, kompyuta inainasa. Sasa waya. Hapa watu wengi hukwama, kwa sababu wanatafuta picha kwenye HDMI ya televisheni. Matundu yale hupokea picha, hayatoi. Chomoa kwenye televisheni waya ule ule unaotoka kwenye king'amuzi, uuchomeke hapa, kisha kidude kwenye kompyuta. Fungua OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi video, anza kurekodi, halafu cheza kipindi kwa rimoti. Kipindi cha dakika 40 utakisubiri dakika 40.

Sikilizeni hili, limeniuma. Betri ya kompyuta yangu imekufa, na stima ilipotea nikiwa dakika ya 25. Nilikuwa nahifadhi kwa aina ya faili iitwayo MP4, faili nzima ikaharibika. Kwenye OBS chagueni aina ya MKV. Stima ikipotea, kilichokwisha kurekodiwa kinabaki.

Ubora je? Boksi limeandikwa 4K. Hiyo ni picha inayoingia. Inayorekodiwa ni 1080p, ya chini kuliko 4K, fremu 30 kwa sekunde. Mimi imenitosha. Tazameni hapa, nyanya anamenya muhogo: udongo ule kwenye kucha mnauona? Maandishi madogo ya chini ndiyo yana ukungu. Sauti mwanzoni sikuipata kabisa, ikabidi nichague kidude hiki pia upande wa sauti ndani ya OBS. Rekodi dakika moja ya majaribio kwanza, usikilize.

Kama una king'amuzi cha kulipia, huenda ukapata skrini nyeusi tupu. Kifaa hakijaharibika, ni HDCP, ulinzi unaozuia picha isinakiliwe, na kwa kazi hiyo usikinunue. Kwa chaneli za bure na kumbukumbu za familia, mimi nakinunua tena hata kesho.

Faili ya nyanya imetoka karibu giga 1.8. WhatsApp hupokea faili hadi giga 2 ukiituma kama waraka, si kama video. Naituma sasa hivi kwa ndugu zangu wa Mombasa na Qatar. Mjomba ameshapiga simu mara mbili akiiulizia.