Kanzidata ya USA TODAY ya Wachezaji wa NFL Waliokamatwa: Isomwe Hadi Safu ya Mwisho

Kwa anayetaka kujua kama sifa mbaya ya timu fulani ya NFL, ligi kuu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ina msingi au ni porojo za wapinzani, kanzidata ya gazeti la USA TODAY, inayoorodhesha wachezaji waliokamatwa au kushtakiwa tangu mwaka 2000, ni chombo cha kuaminika kuliko kumbukumbu ya shabiki yeyote. Kila tukio lina mstari wake wenye tarehe, timu, jina, nafasi ya mchezaji uwanjani na aina ya kosa. Makosa madogo ya barabarani hayamo.

Kilichonivutia zaidi ni safu inayoeleza kesi iliishaje. Jicho hukimbilia neno la kukamatwa, kumbe ukisogea hadi pembeni unakuta mashtaka yalifutwa, na hesabu uliyokuwa ukiipiga dhidi ya timu inabadilika sura.

Udhaifu upo katika kupanga timu kwa jumla ya matukio, kwa sababu mchezaji aliyesajiliwa juzi huhesabiwa kwa klabu aliyomo siku hiyo, hata kama haijawahi kumlea. Cincinnati Bengals, ambao takriban wachezaji tisa wao walikamatwa kati ya mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, waliandamwa na kejeli kwa miaka mingi, ingawa kikosi kilikwisha kubadilika. Ligi nayo ilikaza kanuni zake za mwenendo Aprili 2007. Ningependa kanzidata ioneshe pia muda ambao mchezaji amekaa na timu.