Upepo wa kisogoni: MGB yangu, kizuia upepo na vikinga jua

Gari langu ni MGB ya 1972, la wazi, la kijani. Magari haya yalitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 mpaka 1980, na vipuri vyake vingali vimejaa sokoni. Nilipolinunua nilijiandaa kuhangaika na injini. Injini haikunisumbua hata siku moja. Kilichonitesa ni upepo.

Nilidhani upepo wa gari la wazi unakuja kwa mbele. Kumbe sivyo. Ukishateremsha turubai la paa, hewa inapita juu ya kioo cha mbele, nyuma ya viti panabaki uwazi usio na hewa ya kutosha, basi ile hewa inageuka na kurudi kwa kasi kulijaza pengo hilo. Inakupiga kisogoni. Mara ya kwanza nilipomchukua mke wangu kutoka Brighton kwenda Chichester kwa barabara ya A27, tulipofika maili 60 kwa saa mtandio wake, badala ya kupeperuka nyuma, ulimfunika uso mzima. "Baba watoto, simamisha gari!" Nikasimamisha. Safari iliyofuata alipanda treni, tukakutana huko huko.

Nikaanza na kizuia upepo cha wavu: fremu ya bomba jembamba iliyovutwa kitambaa cheusi chenye matundu, inakaa wima nyuma ya viti. Mercedes-Benz SL iliyotoka 1989 ilipatikana na wavu wa namna hiyo, kwa hiyo wazo lenyewe si la jana. Kilinigharimu pauni 60. Upepo ulipungua, lakini mtandio bado ulikuwa unacheza. Baada ya miezi miwili nikakiuza na kununua cha akriliki, yaani plastiki ngumu inayopenya mwanga kama kioo, pauni 165, cha kupachika kwa vibanio viwili bila kutoboa bodi. Hilo la kutotoboa ndilo lililonifanya nitoe pesa. Sitoi drili kwenye gari lililokaa miaka hamsini bila tundu.

Hiki kimefanya kazi. Sasa tunaongea kwa sauti ya sebuleni. Jambo ambalo sikulitarajia ni hita. Zamani niliiona pambo tu, joto lote lilikuwa likichukuliwa na upepo kabla halijafika magotini. Sasa linakaa miguuni, na Oktoba tunatembea wazi tukiwa na makoti tu.

Kasoro zake nazo nizitaje. Barabara mbovu ilikifanya kigonge kama kifuniko cha sufuria, mpaka nilipokata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli na kuviweka chini ya vibanio. Usiku, taa za gari la nyuma zinaonekana mbili mbili kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Wavu haukuwa na shida hiyo. Na baya zaidi: kikiwa mahali pake, turubai halipandi. Muuzaji hakuliandika hilo popote. Mvua ilitukuta karibu na Arundel, nikawa nafungua vibanio kwa vidole vilivyokufa ganzi huku mama watoto amekishikilia kile kioo kichwani kama mwavuli. Kabla hujanunua, uliza swali hilo kwanza.

Upande wa jua nimejifunza kwa machozi, tena machozi ya kweli. Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu jua la mchana linakuwa utosini, na jioni likishuka halina mazungumzo, mara moja limezama. Hapa Uingereza msimu wa vuli linaning'inia chini, usawa wa macho, saa nzima na zaidi, na A27 ukielekea magharibi unalifuata kama unaenda kulikamata.

Vikinga jua nilivyonunua kwanza vilikuwa vya plastiki ya rangi ya moshi, vya kubana juu ya fremu ya kioo. Kwenye picha vinapendeza. Barabarani, turubai likiwa chini, upepo unaingia chini yake na kuviinua, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili ulikuwa unavirudisha kwa mkono. Pia kile cha kulia kiligusana na kioo cha kutazamia nyuma, ambacho kwenye MGB kinapachikwa kwenye kile kifimbo cha chuma kilichosimama katikati ya kioo cha mbele. Nimevitupa.

Nikarudi kwa vile vya mtindo wa asili, vyeusi, vidogo, vya kufungwa kwa skrubu. Kazi ilikuwa kuzitoa skrubu za zamani: fremu ni ya alumini, skrubu za chuma, na zikikaa pamoja miaka mingi zinashikana kama zimechomelewa. Nilizilowesha mafuta usiku kucha, moja bado ikakatika kichwa. Mpya nilizipaka grisi kabla ya kuzifunga. Kikinga changu kinakaza vizuri, hakipepei, na udogo wake haunisumbui, kwani kioo chenyewe ni kifupi.

Cha kushoto bado kiko kwenye boksi lake. Mwenye kiti anasema kofia yake inamtosha.