Gauni la harusi ya Kichina: lipi ununue, lipi ukodi

Kama pesa yako inatosha vazi moja tu, nunua qipao, lile gauni la Kichina linaloshika mwili, lenye kola iliyosimama na mpasuo pembeni, iliyoshonwa kwa vipimo vyako. Yapo mavazi mengine matatu, na mojawapo nalipenda kuliko hata hiyo qipao, ila la kukaa kabatini kwako ni qipao.

Wengi hudhani qipao ni vazi la tangu enzi za wafalme. Sivyo. Ilichipuka Shanghai miaka ya 1920, wanawake wa mjini walipolichukua joho refu la enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, wakalipunguza taratibu mpaka likashika mwili. Mwaka 1929 serikali ya Jamhuri ya China ikaliingiza kwenye kanuni zake za mavazi. Wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1949, mafundi wengi wa Shanghai walihamia Hong Kong, na huko, ambako huitwa cheongsam, ufundi wake haukufa.

Bibi harusi huivaa nyekundu, mara nyingi akishavua shela nyeupe ukumbini ili apite meza kwa meza. Siku nyingine huvaliwa ya rangi yoyote, ndiyo maana naiweka namba moja: itakufaa kwenye harusi za wenzako na sikukuu za ukweni.

Usiinunue ukiwa umesimama tu mbele ya kioo. Kaa kitini. Inama kama unayemkabidhi mkwe kikombe cha chai kwa mikono miwili, kwa sababu siku yenyewe utafanya hivyo mara nyingi, na pengine umepiga magoti. Kola isimame bila kukukaba. Kidole kipite kati yake na shingo. Angalia mpasuo wa pembeni unaishia wapi ukiwa umekaa. Vifungo vya kamba viwe vimefungwa fundo kwa mkono na vifunguke kweli, visiwe pambo la kuficha zipu. Akikuapia kuwa kitambaa ni hariri, omba nyuzi chache uziunguze: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika, polyesta huyeyuka ikaganda kidonge.

Ninalolipenda zaidi ni qungua, nami naliweka la pili kwa sababu ya bei tu. Ni koti na sketi, vazi la maharusi wa Hong Kong na wa Guangdong, jimbo la kusini mwa China ulipo mji wa Guangzhou, limedariziwa joka na finiksi, ndege wa ngano, kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Waswahili wanaoingia Guangzhou kufunga mizigo wako katikati kabisa ya nchi yake. Kwa Hong Kong, maduka ya jadi ni ya Shanghai Street. Bei hufuata wingi wa darizi. Daraja la chini huitwa xiao wufu, likifuatiwa na zhong wufu, da wufu na guahou, kisha guahuang, ambalo nyekundu ya kitambaa karibu haionekani kwa dhahabu. Shika kichwa cha joka: kwenye kazi nzuri kimejazwa pamba chini ya uzi, kikainuka. Geuza na upande wa ndani. Kazi ya mashine ina mishono inayolingana mno, ya mkono hupishana hapa na pale.

Guahuang ya mkono huchukua miezi mingi kudariziwa, ni nzito, na nyuzi zake hukatika ukiikunja ovyo. Kwa hiyo kodi. Wenyewe Hong Kong hukodi bila aibu yoyote, na ukikodi unaweza kupanda daraja ambalo usingeweza kulinunua.

La tatu ni xiuhefu, lililovuma China Bara kutokana na mhusika Xiuhe wa tamthilia ya televisheni ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Linaiga mavazi ya mwisho wa Qing: koti pana, sketi ya marinda, maua na ndege wa nyuzi za rangi. Mjamzito atakaa nalo kwa raha, na hilo si dogo. Tatizo ni kwamba soko limejaa ya mashine, yenye nyuzi za dhahabu zinazokwaruza shingo na mikono. Yapo ya bei rahisi kiasi kwamba kununua kunakaribiana na kukodi. Ukinunua, hakikisha lina bitana.

La mwisho ni la mtindo wa enzi ya Ming (1368–1644): joho jekundu la mikono mipana, utepe mrefu wa xiapei mabegani, na taji la finiksi. Limerudi kwa nguvu ya vijana waliofufua hanfu, mavazi ya jadi ya Wachina wa kabila la Han, tangu mwaka 2003 hivi. Kwenye picha halina mpinzani. Lakini lina tabaka nyingi, taji huelemea shingo, na mikono ile huingia kwenye vikombe vya chai. Likodi kwa saa za picha tu, kwenye duka litakalokupa na mtu wa kukuvisha na kulibana taji, maana peke yako huwezi.