Chunusi za Taya na Mgongo: Ununue Nini Kwanza

Mwanamke ambaye chunusi humrudia kila mwezi kwenye taya na kidevu, siku chache kabla ya hedhi, huku nyingine zikimtapakaa mgongoni na kifuani, mara nyingi hutoka duka la dawa na mfuko wa vitu vitano visivyosaidiana. Hapa ninavipanga vitu hivyo kwa kuangalia dawa iliyomo ndani na asilimia yake, ambavyo huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya boksi, kwa sababu jina kubwa la mbele halitibu chochote.

Nafasi ya kwanza ninaipa benzoili peroksidi, hasa ile ya sabuni ya maji kwa ajili ya mgongo, mabega na kifua, sehemu ambazo mtu hawezi kupaka krimu peke yake akazifikia zote. Dawa hii huua bakteria waliomo kwenye vitundu vya ngozi, na hadi sasa bakteria hao hawajajenga usugu dhidi yake kama walivyofanya kwa antibiotiki za kupaka. Usoni asilimia 2.5 inatosha, kwani tyubu ya asilimia 10 huongeza ukavu na mwasho kuliko inavyoongeza nafuu; mgongoni, ambako ngozi ni nene zaidi, asilimia 5 hadi 10 huvumilika. Wengi huipaka na kuisuuza papo hapo, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi, ilhali inapaswa kukaa mwilini dakika mbili hadi tano kabla ya maji. Ijulikane pia kwamba huchujua nguo: kanga yangu moja imebaki na mabaka meupe kwenye pindo, na jina lake halisomeki tena, kwa hiyo tumia taulo na shuka nyeupe.

Ya pili ni jeli ya adapaleni ya asilimia 0.1, ambayo kwa uso ningeiweka juu hata ya benzoili peroksidi, kwa kuwa huzuia vitundu kuziba tangu mwanzo. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima na si juu ya chunusi moja moja, na mwanzoni ni salama zaidi kuanza na usiku mmoja kwa kuruka mmoja. Wiki za kwanza ngozi hubanduka na chunusi huweza kuonekana zimezidi, na hapo ndipo wanunuzi wengi huitupa; ipe wiki 12 kabla ya kuihukumu. Mjamzito au anayetarajia kushika mimba asiinunue.

Kwa huyo, na kwa yeyote ambaye kinachomsumbua zaidi ni madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi kupona, krimu ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 hupanda kutoka nafasi ya tatu hadi ya kwanza. Madaktari huiruhusu wakati wa ujauzito, hupunguza chunusi na madoa kwa pamoja, na haichubui ngozi nzima. Asidi ya salisili ya asilimia 2 ninaiweka nyuma yake: inafaa kwa vichwa vyeusi puani na chunusi chache ndogo, lakini kwa vinundu vinavyouma chini ya taya ni dhaifu. Sabuni ya salfa ni ya bei nafuu, na nguvu yake ni ya kiasi hichohicho.

Kabla ya kulipia chochote cha mgongoni, tazama vipele vyenyewe. Vikiwa vidogo, vya ukubwa mmoja, na vinawasha hasa baada ya jasho, huenda ni fangasi wa vinyweleo, na hapo antibiotiki huweza kuvizidisha. Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, ikiachwa mgongoni dakika tano, ndiyo ya kununua. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao, tunavyovipenda pwani, viepuke usoni na mgongoni, kwa sababu huziba vitundu.

Kisichostahili hata senti ni krimu isiyo na orodha ya viungo inayoahidi uso safi ndani ya wiki moja. Nyingi ya hizo huwa na steroidi kali kama klobetasoli, ambayo hutuliza wekundu kwa siku chache, kisha yenyewe huzalisha chunusi na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Mkorogo huongeza haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania na Kenya, na zebaki huharibu figo.

Iwapo miezi mitatu imepita bila nafuu, au hedhi hairudi kwa mpangilio na ndevu zinaota kidevuni, fedha ya tyubu inayofuata ilipie kumwona daktari, maana chanzo huenda ni homoni za androjeni, yaani homoni za kiume ambazo wanawake pia huwa nazo kidogo, zinazosukuma tezi kutoa mafuta mengi, jambo ambalo sabuni haiwezi kulifikia. Yeye ndiye anayeweza kupima, kisha akaamua kati ya vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, spironolaktoni, kidonge kinachozuia androjeni, au isotretinoini, kidonge cha chunusi sugu, ambacho humlemaza vibaya mtoto aliye tumboni na hakipaswi kununuliwa kwa kificho. Mweleze pia kama unatumia sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, kwa kuwa kwa baadhi ya wanawake njia hizo za homoni moja huchochea chunusi. Siku hiyo beba kila tyubu uliyowahi kupaka, pamoja na kile kikopo kisicho na maandishi.